Chesi ya kirafiki mtandaoni: kubaliana kabla ya kusogeza askari

Ugomvi mwingi katika vikundi vya chesi vya WhatsApp hapa Nairobi hauzaliwi ubaoni. Huzaliwa dakika mbili kabla, mtu anapoandika "Nani yuko?", mwingine akajibu "Mimi hapa, tuma linki", na hakuna aliyetaja muda, nyongeza, wala kama mchezo utaingia kwenye reitingi, yaani alama za kiwango cha mchezaji. Baadaye mmoja amekwisha kwa saa huku ana malkia wa ziada, mwingine amekataa kumrudishia mwenzake hatua aliyoteleza kidole, na kikundi cha watu arobaini kimegeuka mahakama. Mashindano rasmi yana mwamuzi na kitabu cha sheria. Mchezo wa kirafiki hauna hata kimoja, ndiyo maana makubaliano yake yanahitaji kuwa wazi kuliko ya mashindano.

Ujumbe mmoja unatosha:

"Habari ya jioni, kaka. 10+5, kirafiki, kurudisha hatua mara moja tu, stima ikipotea tunasubiriana dakika tano. Nichukue nyeusi?"

Kila kipande cha ujumbe huo kina kazi. Maelezo yanayofuata yanaegemea zaidi tovuti ya Lichess, kwa sababu ni ya bure kabisa, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango tangu Mfaransa Thibault Duplessis alipoianzisha mwaka 2010. Chess.com nayo ina watu wengi Nairobi, na pale sheria zake zinapotofautiana nitasema.

Muda, na kwa nini nyongeza si mapambo

10+5 maana yake kila mchezaji anaanza na dakika 10, na kila anapomaliza hatua yake saa inamwongezea sekunde 5. Wazo hilo ni la Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, aliyepata hataza ya saa ya namna hiyo Marekani mwaka 1989, kisha ikatumika katika mechi yake ya marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Faida yake ni moja na ni kubwa: mwenye ubao ulioshinda hapokonywi ushindi kirahisi kwa sababu tu kidole cha mwenzake kina kasi.

Lichess hupima urefu wa mchezo kwa kudhani kila upande utacheza hatua 40. Kwa 10+5, hiyo ni sekunde 600 jumlisha 200, yaani 800 kwa kila mtu. Ukizidisha mara mbili unapata kama dakika 27 kwa mchezo mzima. 5+3 inatoa sekunde 420 kwa mtu, jumla dakika 14. 15+10 inafika sekunde 1300 kwa mtu, jumla zaidi kidogo ya dakika 43. Hesabu hii ifanywe kabla ya kumwalika mtu anayeteremka kituoni baada ya dakika 20. Ni hesabu hiyo hiyo inayoamua mchezo uitwe nini: kuanzia dakika 3 hadi chini ya 8 kwa mtu ni blitzi, kuanzia hapo hadi chini ya 25 ni rapidi, na kutoka 25 kwenda juu ni klasiki. Kila aina ina reitingi yake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa hodari wa rapidi na bado akachapwa blitzi na mtoto wa shule.

Kwa Nairobi pana sababu nyingine ya kushikilia nyongeza. Seva za Lichess ziko Ufaransa. Kila hatua inasafiri hadi Ulaya na kurudi, na ingawa mfumo hufidia sehemu ya ucheleweshaji huo, haufidii simu inayohama mnara mmoja hadi mwingine ndani ya matatu ya Thika Road. Mchezo wa 1+0 katika hali hiyo unapima mtandao, haupimi chesi. Hata 3+0 ukiwa nyumbani kwa Wi-Fi nzuri ni wa kujaribia mwishoni mwa jioni, si wa kumkaribishia mgeni. Kwa watu wasiofahamiana vizuri, 10+5. Kwa anayejifunza, 15+10, na asiharakishwe.

Wasiopata nusu saa ya utulivu wacheze michezo ya siku, ambapo kila mtu anapewa siku kadhaa kwa hatua moja. Hapa wengi hukosea kwa kuchagua siku 3 wakidhani ni ukarimu. Piga hesabu: hatua 40 kila upande ni 80, mara siku 3, mchezo unaweza kufika siku 240. Siku 1 kwa hatua huweka kikomo cha siku 80, na kwa kawaida humalizika mapema zaidi maana watu hujibu asubuhi na jioni. Anayesafiri kwenda ushago wiki ya Krismasi aseme mapema, kwa kuwa saa ya siku haijui sikukuu. Katika michezo ya siku inaruhusiwa kutazama vitabu na hifadhidata ya funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, na kusogeza kete kwenye ubao wa uchambuzi ili kujaribu mawazo yako mwenyewe. Injini, yaani programu inayokokotoa hatua bora, hairuhusiwi hata mara moja. Tofauti hiyo itajwe wazi, kwa sababu mgeni akiona mwenzake anatumia hifadhidata anaweza kudhani kila kitu ni halali.

Linki na reitingi

Ukichagua kucheza na rafiki kwenye Lichess unapewa linki, na mtu wa kwanza kuifungua ndiye mpinzani wako. Ukiitupa kikundini, jirani aliyetaka kuchungulia tu atajikuta amekalia kiti cha mzee uliyemwalika. Itume kwa mhusika faraghani, au mwalike kwa jina la akaunti yake. Uzuri wa linki ni kwamba asiye na akaunti naye hucheza, hivyo binamu anayetaka kujaribu mara moja hahitaji kujisajili. Ila mchezo wa reitingi unataka akaunti pande zote mbili.

Reitingi ya Lichess huanzia 1500, na alama ya kuuliza iliyo kando yake ina maana mfumo bado haujamfahamu mchezaji huyo vya kutosha. Usilinganishe namba za tovuti mbili. Wachezaji wengi wa kiwango cha chini na cha kati huwa na namba kubwa zaidi Lichess kuliko Chess.com, na mtu anayetamba na 1600 ya huku anaweza kufungwa vizuri tu na 1300 ya kule.

Mchezo wa kirafiki uchezwe bila reitingi. Sababu ni kwamba mkirudishiana hatua, au mkiongezeana muda, matokeo hayasemi kweli kuhusu nguvu za yeyote, na reitingi iliyochafuliwa hivyo itawapangia wapinzani wasiowafaa kwa wiki nzima. Kwenye mipangilio ya Lichess unaweza kuruhusu kurudisha hatua katika michezo isiyo ya reitingi pekee. Weka hivyo, na swali hilo halitakusumbua tena.

Kidole kilichoteleza

Kuna kuteleza na kuna kukosea. Kuteleza hujionyesha kwenyewe: malkia ametua mraba wa jirani na ule aliokuwa wazi kwamba anauendea. Kukosea ni kuuona mraba uleule uliokusudia, kuucheza, kisha kugundua kwamba farasi alikuwa anaulinda. La kwanza lirudishwe bila maneno. La pili lisirudishwe, isipokuwa mmekubaliana ni mchezo wa kufundishana. Na ombi litumwe mara moja, kabla mwenzako hajajibu, kwa sababu baada ya jibu lake kurudisha kunafuta hatua mbili na yeye tayari ameshakuonyesha mpango wake.

Sababu kubwa ya kuteleza ni kuburuta kete kwenye skrini ndogo. Badilisha mipangilio ili uguse mraba wa kete kisha mraba inakoenda. Kidole hakiburuti chochote. Kwenye michezo ya siku washa uthibitisho wa hatua, kwani kupoteza ngome baada ya wiki tatu za kufikiri, kwa sababu simu iligusana na mfuko, ni hasara isiyo na maana.

Zima pia kugeuza askari kuwa malkia moja kwa moja, au uiache kwa hatua zilizotangulizwa tu, zile unazoingiza kabla mwenzako hajacheza. Mara chache, lakini mara zinazouma, malkia huyo ndiye anayeharibu ushindi. Kariri umbo hili: mfalme wa mpinzani yuko peke yake pembeni kabisa, tuseme kona ya a8, na malkia wako anasimama c7 au b6, umbali wa hatua moja ya farasi. Ni zamu yake, mfalme hatishiwi, hana pa kwenda, mchezo ni sare. Wanaoanza wengi hutoa sare kwa umbo hilo, na mara nyingi huwa wamebaki na muda wa kutosha wa kuliepuka.

Hapo hapo kuna fumbo la saa ambalo huzua kelele. Muda wako ukiisha umeshindwa, ila kama mpinzani hana kete zinazoweza kukufunga, ni sare. Lichess huuliza kama kuna mfuatano wowote halali wa hatua unaoweza kuzaa chekimeti, hata kama hakuna mtu timamu angeucheza. Kwa hiyo ukiwa na mfalme na askari, mwenzako ana mfalme na farasi mmoja, na saa yako ikaisha, Lichess humpa ushindi. Chess.com ingeiita sare. Wote wawili wako ndani ya sheria za tovuti yao. Kurudiwa kwa hali ileile ya ubao mara tatu nako hutofautiana: Chess.com hutangaza sare yenyewe, Lichess hukusubiri ubonyeze kitufe cha kudai, isipokuwa uwe umeiambia idai kwa niaba yako. Nenda kwenye mipangilio uiwashe.

Stima ikipotea

Mpinzani akitoka mtandaoni, Lichess baada ya muda mfupi hukupa vitufe vya kudai ushindi au kutangaza sare. Katika mchezo wa kirafiki usiviguse kabla ya dakika mlizokubaliana kwisha. Saa yake inaendelea kukimbia, lakini una kitufe cha kumwongezea sekunde 15 kila ukibonyeza. Mara nne ni dakika moja. Bonyeza mara ishirini na umemrudishia dakika zake tano. Kitufe hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika mpangilio wa Lichess, na ni watu wachache mno wanaokitumia. Asiporudi, na ubao uko sawasawa, tangaza sare na mwandikie.

Upande wa anayepotea, maandalizi hufanywa mapema. Ingia kwenye akaunti yako kwa simu hata kama unachezea kompyuta. Ruta ikizimika, washa bando, fungua Lichess, na mchezo unaoendelea utakuwa pale pale ulipouacha. Huhitaji linki mpya. Nenosiri linalotafutwa gizani huku saa inakimbia limeshapoteza michezo mingi. Data yenyewe si ghali, kwa kuwa hatua ya chesi ni herufi chache tu. Kinachomaliza bando ni video inayocheza nyuma.

Kwa wanaocheza kila jioni, betri ndogo ya akiba ya ruta inafaa. Kabla ya kununua, soma kibandiko kwenye chaja ya ruta: zipo za volti 9 na zipo za volti 12, na betri ya volti isiyolingana inaweza kuiunguza. Kama intaneti ya nyumba yako ni ya faiba na kuna kisanduku kingine ukutani kabla ya ruta, nacho kinataka umeme. Betri ya kifaa kimoja haitasaidia. Na pale vifaa vya mtaa mzima vimezimika, betri yako haiokoi chochote, rudi kwenye simu.

Pengo la uwezo

Kwa hesabu ya Elo, inayokadiria matokeo kwa tofauti ya reitingi, tofauti ya alama 200 humpa mwenye nguvu wastani wa alama 0.76 kwa mchezo, na tofauti ya 400 humpa takriban 0.91. Yaani katika michezo kumi, mnyonge anatarajia alama moja tu. Hakuna urafiki unaodumu kwa kipigo cha tisa kwa moja kila Jumanne, na dawa yake ni ya kale kuliko intaneti: mwenye nguvu atoe kitu.

Njia ya kwanza ni muda. Mkianza 5+3, mwenye nguvu abonyeze kile kitufe cha sekunde 15 mara nane, na mwenzake amepata dakika mbili zaidi. Ya pili ni kete. Fungua kihariri cha ubao, ondoa farasi wa b1 upande wa mwenye nguvu akicheza nyeupe, kisha chagua kuendelea kutoka hapo na kumwalika rafiki. Mchezo unaoanzia hali maalumu hauhesabiwi kwenye reitingi, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Farasi ni zawadi kubwa. Ikizidi, jaribuni askari na hatua: mwenye nguvu achukue nyeusi bila askari wa f7. Huyo askari anaonekana mdogo, lakini ndiye anayemkinga mfalme mwanzoni, na mchezo unakuwa mkali kwa pande zote.

Ligi ndogo

Arena ya Lichess, yaani mashindano ambamo ukimaliza mchezo mmoja unapangiwa mpinzani mwingine papo hapo, inafaa umati. Ushindi ni alama 2, sare 1, na ukishinda mara mbili mfululizo alama zinazofuata huongezeka maradufu mpaka ukose kushinda. Watu sita wakiingia arena watakutanishwa wale wale mara kwa mara, na anayecheza haraka kabisa ndiye atakayekusanya. Kwa sita, chezeni wote kwa wote: michezo 15, raundi 5. Wapeni namba kwa kura, kisha fuateni jedwali hili la Berger. Anayetajwa kwanza ana nyeupe.

Raundi 1: 1–6, 2–5, 3–4
Raundi 2: 6–4, 5–3, 1–2
Raundi 3: 2–6, 3–1, 4–5
Raundi 4: 6–5, 1–4, 2–3
Raundi 5: 3–6, 4–2, 5–1

Wakiwa watano, namba 6 ni mapumziko. Wakifungana kwa alama, tumieni Sonneborn-Berger: jumlisha alama zote za uliowashinda na nusu ya alama za uliotoka nao sare. Kwa 10+5, raundi mbili kwa jioni moja zinatosha, zenye dakika 10 za kupumua katikati. Raundi ya mwisho ianze kwa wote wakati mmoja, ili asiwepo anayejua tayari kwamba sare inamtosha.

Kuhusu saa, andika namna mbili: saa mbili usiku, 20:00. Mwenye simu iliyozoea mfumo wa namba husoma "saa mbili" akaweka kengele ya 14:00 au ya 2:00. Kama mmoja wa kikundi yuko Uingereza, kumbuka kwamba Nairobi haibadilishi saa lakini London hubadilisha: wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa tatu, wakati wa kiangazi kwa saa mbili. Ligi inayovuka mwisho wa Machi au wa Oktoba humpoteza mtu huyo kila mwaka.

Sheria ya watazamaji iwe kali kuliko zote. Michezo inaonekana moja kwa moja, na mtu akiandika kikundini "mbona haoni e5?" ameuua mchezo huo, hata kama hakuwa na nia mbaya. Maoni yasubiri ubao ufungwe. Na ukimshuku mtu kwa injini, usimtaje hadharani: mripoti kwa tovuti yenyewe, ambayo inaona michezo yake yote. Usahihi wa juu katika mchezo wa hatua 18 hauthibitishi lolote, kwani mpinzani akitoa malkia mapema, hatua nzuri hujitokeza zenyewe.

Baada ya mchezo

Usiguse uchambuzi wa injini kwa dakika kumi za kwanza. Kaeni wawili, kwa simu au kwa maandishi, kila mmoja aseme aliogopa nini na wapi. Kisha iiteni injini yenyewe, Stockfish. Ikionyesha kwamba hatua moja iliangusha tathmini, ambayo alama 1 yake ni kama askari mmoja, kutoka +0.4 hadi -0.1, ipuuzeni, kwa kiwango cha wapenzi wa jioni hiyo si kosa. Tafuteni mahali ilipoanguka kwa alama mbili au zaidi, ambayo ni sawa na kutoa kete nzima bure au karibu yake, na mjiulize kilichokuwa akilini wakati huo.

Hifadhini michezo ya ligi katika daftari la pamoja la Lichess, mchezo mmoja kwa sura moja. Daftari moja lina nafasi ya sura 64. Ligi ya watu 11 ina michezo 55 na inaenea. Ya watu 12 ina 66, kwa hiyo fungueni la pili tangu mwanzo. Kwenye mipangilio chagueni hatua ziandikwe kwa picha za kete badala ya herufi. Herufi za kimataifa zinawachanganya wanaoanza, na za Kiswahili hazingetufaa pia, maana Mfalme na Malkia wote wangekuwa M.